Sura ya 7: Pindo la Mfarishi kwa Cherehani

Chukua mfarishi wowote uliolaliwa na kufuliwa kwa miaka mingi, utandaze juani, uukague kuanzia pembeni. Viraka vya katikati huenda bado ni vizima na kilichopungua ni rangi tu. Pembeni hali ni nyingine. Upande ule unaovutwa usiku kufunika mabega umelika, na pengine pamba inachungulia. Kila anayeutandika anaushika hapo. Vibanio vya kamba ya kuanikia vinauma hapo. Ukifuliwa kwa mkono kwenye beseni, pembe ndizo zinazokamatwa na kusuguliwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwa hiyo sura hii nzima nimeitenga kwa kazi ambayo vitabu vingi vya ushonaji huipa kurasa chache za mwisho: kuzungushia mfarishi pindo, tena kwa cherehani tangu mshono wa kwanza hadi wa mwisho.

Mfarishi ninaouzungumzia ni ule wa tabaka tatu: juu viraka vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono inayopita katikati, lakini kingo zake hubaki wazi. Pindo ni ukanda wa kitambaa unaozungushwa pande zote nne kuzifunga kingo hizo, nusu yake ikiwa mbele na nusu nyuma.

Mafundi wengi wenye sifa, hasa Marekani ambako ushonaji wa mifarishi una vyama, majarida na makumbusho yake, hushona upande mmoja wa pindo kwa cherehani, kisha hulipindua na kumalizia upande wa pili kwa mkono, kwa mishono midogo isiyoonekana. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Nisichokubali ni dai linaloandamana nayo, kwamba kumalizia kwa cherehani ni uvivu. Mshono wa mkono wa aina hiyo hushika nyuzi chache tu za kitambaa cha nyuma, na uzi ukikatika mahali pamoja, pindo huanza kufunguka kutoka hapo. Mshono wa cherehani hupita tabaka zote, na nyuzi mbili, ya juu na ya chini, hufungamana kila baada ya milimita chache. Mfarishi wa mtoto, wa mwanafunzi wa bweni, wa kitanda cha wageni, ule utakaofuliwa kila mwezi: pindo lake linahitaji mshono wa namna hiyo.

Historia ya Wamarekani wenyewe inaniunga mkono. Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846, Isaac Singer akapata yake mwaka 1851, na kuanzia mwaka 1856 kampuni ya Singer ikaanza kuuza kwa malipo ya awamu, hata familia ya kipato cha kawaida ikaweza kuileta mashine nyumbani. Cherehani ilipoingia, haikuiondoa sindano ya mkono mara moja. Katika mifarishi mingi ya nusu ya pili ya karne ya 19 utakuta katikati imeshonwa kwa mkono, kwa subira ya miezi, huku pindo limepigwa cherehani. Mabibi wale walijua kushona kwa mkono kuliko sisi. Cherehani waliipeleka pale penye urefu, penye kuvutwa na penye kuchakaa. Isitoshe, mshono ulionyooka wa mashine ulikuwa kitu cha fahari, ishara kwamba nyumba hiyo ina cherehani. Watengenezaji nao waliuza vifaa vidogo vya kufunga kwenye mashine, na miongoni mwake kilikuwamo cha kuvisha pindo.

Mfano mmoja ni Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani karibu na Athens, jimbo la Georgia, mwaka 1837. Mfarishi wake wa visa vya Biblia aliuonyesha katika maonyesho ya pamba ya mji huo mwaka 1886, na miaka michache baadaye shida ya fedha ikamlazimisha kuuuza. Aliyenunua, mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith, alitoa dola 5. Leo mfarishi huo uko katika makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani, chini ya Smithsonian, na ni kati ya mifarishi inayojulikana zaidi duniani. Una mishono ya mkono na mishono ya cherehani, yote katika kazi moja. Hakuna anayeupunguzia heshima kwa sababu hiyo.

Dharau ilikuja baadaye, ushonaji wa mfarishi ulipokuwa zaidi kazi ya starehe na mashindano. Hata hiyo imepigwa vita. Mwaka 1989, katika maonyesho ya American Quilter's Society mjini Paducah, jimbo la Kentucky, tuzo kuu ilikwenda kwa Caryl Bryer Fallert kwa mfarishi wake uitwao Corona II: Solar Eclipse. Ulikuwa wa kwanza wenye mishono ya katikati iliyopigwa kwa mashine kuchukua tuzo hiyo, na mabishano yaliyofuata hayakuwa madogo. Leo mifarishi iliyoshonwa kwa mashine imejaa katika maonyesho hayo. Waamuzi wanapofika kwenye pindo huangalia mambo yanayoeleweka: je, upana ni mmoja pande zote? Je, pindo limejaa hadi ukingoni, au lina uwazi ndani? Je, pembe ni kali na zimefungwa? Je, mahali miisho ilipokutana panaonekana? Maswali hayo tutayajibu moja baada ya jingine, kwa kuwa ndiyo yanayotofautisha pindo zuri na baya hata kwa mteja asiyejua kushona.

Tuanze na kitambaa. Kitenge cha pamba kinafaa sana: ni kizito kiasi, kinashika mkunjo wa pasi, na mabaki yake hayakosekani kwa fundi yeyote. Kanga ni nyepesi zaidi, lakini ikikunjwa mara mbili inatosha. Polista iache, kwa sababu inateleza na haikubali kukunjwa. Kifue kitambaa kabla ya kukikata, hasa chekundu na buluu iliyokolea. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani unaokifanya kionekane kigumu kuliko kilivyo, na kikiingia maji kwa mara ya kwanza kikiwa tayari kimeshonwa kwenye mfarishi, kitanywea peke yake na kuukunja ukingo wote. Rangi inayochuja nayo haitachagua mahali: itaingia kwenye viraka vyeupe vilivyo jirani.

Sasa hesabu, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Pindo la cherehani halisamehe kipimo cha kubahatisha, kwa kuwa mshono wa mwisho lazima ukute kitambaa mahali pake.

Mimi hukata ukanda wenye upana wa sentimita 6. Ukikunjwa katikati kwa urefu na kupigwa pasi, unabaki sentimita 3, yaani milimita 30, kitambaa kikiwa maradufu. Kingo mbili mbichi za ukanda hulazwa sawasawa na ukingo wa mfarishi, kisha hushonwa milimita 8 kutoka ukingoni. Toa milimita 8 hizo katika 30, zimebaki 22. Ukanda ukipinduliwa kuelekea upande wa pili, milimita 8 nyingine zinatumika kurudi hadi ukingoni, zimebaki 14. Unene wa mfarishi wenyewe, pamba ikiwa ya kawaida na imegandamizwa, unakula milimita 3 hivi. Zimebaki 11. Kwa hiyo upande wa pili pindo litaingia milimita 11 kutoka ukingoni, wakati mshono wa kwanza uko milimita 8. Litaupita mshono huo kwa milimita 3. Hizo milimita 3 ndizo riziki yetu: zinatosha kuuficha mshono wa kwanza, na zinatosha kupitisha mshono wa pili juu ya mkunjo bila sindano kuanguka nje.

Ukielewa hesabu hiyo, hutahitaji kukariri kipimo cha mtu. Pamba yako ni nene, milimita 5 badala ya 3? Imebaki milimita 1 tu ya kupita, haitoshi. Kata ukanda wa sentimita 6.5. Huna pamba, umetumia blanketi jembamba la zamani katikati? Punguza. Shona mabaki ya tabaka zako tatu, yavishe pindo la majaribio la shubiri moja, upime. Dakika kumi hizo zitakuokoa kufumua mita saba.

Mita saba si neno la kutia chumvi. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 una mzunguko wa sentimita 700. Ongeza 30 za kuunganishia miisho: 730. Kitambaa cha upana wa sentimita 110, ukishaondoa kingo ngumu za kiwandani na ukahesabu kile kinacholiwa na kila kiungo, kinakupa kama sentimita 100 kwa ukanda mmoja. Kanda 7 hazifiki, utahitaji 8. Kanda 8 za sentimita 6 ni sentimita 48 za kitambaa. Nunua 60, kwa sababu muuzaji hakati mstari ulionyooka kila siku.

Kanda zinaweza kukatwa kufuata uzi wa kitambaa au hanamu. Ukingo wa mfarishi ukiwa na miviringo, huna hiari: kata hanamu, kwa kuwa ukanda wa hanamu ndio unaokubali kupinda bila kufanya makunyanzi. Ukingo ulionyooka unakubali vyote viwili, na hapa mafundi hugawanyika. Wanaotetea hanamu wana hoja ya maana. Ukanda uliofuata uzi, mkunjo wake wa pembeni hukaa juu ya uzi mmoja au nyuzi mbili kwa urefu wote. Uzi huo ukilika, pindo hupasuka mstari mrefu. Ukanda wa hanamu, mtande na mshindio hukatiza mkunjo kwa mshazari, na uzi mmoja ukikatika jirani zake bado wanashika. Hoja ni ya kweli. Hata hivyo hanamu hula kitambaa kingi zaidi na huvutika mkononi, kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuuvuta ukanda sentimita kadhaa bila kujua. Kwa mfarishi wa kwanza na wa pili, fuata uzi. Ukishaweza, nenda hanamu kwa ule unaotaka udumu zaidi.

Kuunganisha kanda, usizishone mwisho kwa mwisho kwa mshono ulionyooka. Kiungo cha namna hiyo kikikunjwa maradufu na kupinduliwa juu ya mfarishi hurundika tabaka nyingi mahali pamoja, na sindano hugota. Laza ukanda mmoja juu ya mwingine zikutane kama herufi L, uso kwa uso, ushone mshazari kutoka pembe hadi pembe, kisha ukate ziada ubakize milimita 6 na kuufungua mshono kwa pasi. Unene utasambaa. Kila kiungo cha hivyo hula urefu sawa na upana wa ukanda, sentimita 6 kwetu; jambo hilo litakuja kutufaa baadaye.

Kabla ya kugusa cherehani, nyoosha mfarishi. Kata tabaka zote tatu pamoja kwa rula ndefu, kisha pima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, pembe zako ni za mraba. Visipolingana, rekebisha sasa. Pindo halinyooshi mfarishi uliopinda, linauonyesha. Baada ya hapo piga mshono mmoja wa kuzunguka, milimita 4 kutoka ukingoni, ili tabaka zisihamehame.

Kuhama huko ndiko adui mkubwa wa kazi hii. Meno ya cherehani yako chini, yanavuta kitambaa cha chini. Mguu wa cherehani uko juu, unakibana kitambaa cha juu na kukichelewesha. Kwenye nguo ya tabaka mbili tofauti haionekani. Kwenye mfarishi wenye pindo, tabaka ni tano, na katikati kuna pamba inayobonyea, kwa hiyo ya juu hubaki nyuma kidogo kidogo hadi mwisho wa upande ikawa imejikunja. Uko mguu maalumu wenye meno yake, unaotembea sambamba na meno ya chini. Mwenye mashine inayoukubali aununue, hatajuta. Kwa cherehani za miguu, zile Singer na Butterfly zilizojaa barazani kwa mafundi wetu, dawa ni skrubu iliyo juu ya nguzo ya mguu: ilegeze ukandamizaji upungue. Tumia sindano namba 14, au 16 kwa kitambaa kizito, na refusha mshono hadi milimita 3, ambayo kwa mashine zinazohesabu kwa inchi ni mishono 8 au 9. Mshono mfupi zaidi ya hapo hukikatakata kitambaa, na siku ya kufumua utalia.

Hapa sasa inakuja tofauti kubwa na njia ya mkono. Anayemalizia kwa mkono hushona ukanda mbele kwanza, akaupindua nyuma. Sisi tunashona nyuma kwanza, kisha tunaupindua mbele. Sababu yake ni macho. Mshono wa mwisho ndio unaotakiwa kukaa milimita moja kutoka kwenye mkunjo, na cherehani hushona mahali unapopaona. Ukiupiga ukiwa upande wa mbele, mstari mzuri unaukuta mbele, mbele ya watu. Nyuma utatokea mstari mwingine juu ya kitambaa cha chini, sambamba na pindo, kama milimita 2 kutoka kwake. Chagua uzi wa bobini wenye rangi ya kitambaa hicho na mstari huo utapotea.

Kabla ya kuanza, chukua kipande kidogo cha kitambaa cheupe, andika jina lako, mahali na mwaka kwa kalamu isiyofutika au kwa uzi, ukikunje pembetatu na ukibane kwenye pembe moja ya nyuma ili pande zake mbili zishonwe pamoja na pindo. Tunachokijua kuhusu picha za Harriet Powers kimebaki kwa sababu Jennie Smith aliandika maelezo aliyopewa na fundi mwenyewe. Wanawake wengi mno wa zama zake waliacha mifarishi isiyo na jina.

Anzia katikati ya upande, mbali na pembe na mbali na kiungo chochote cha ukanda. Acha mkia wa sentimita 25 bila kushona. Laza kingo mbichi za ukanda sawasawa na ukingo wa mfarishi, kaza mshono wa mwanzo, endelea milimita 8 kutoka ukingoni. Usiuvute ukanda. Ukiuvuta, utarudi kwenye urefu wake na kuukusanya ukingo. Mfarishi utajikunja ndani kama sinia. Ukiuvuta mfarishi wenyewe, ukingo utafanya mawimbi yasiyolala hata kwa pasi. Kazi ya mikono ni kuongoza, meno yavute.

Pembe. Ukibakiza milimita 8 kufika mwisho wa upande, simama, sindano ikiwa chini. Inua mguu, geuza mfarishi kidogo, ushone mshazari kuelekea ncha ya pembe hadi utoke nje. Kata uzi. Geuza mfarishi ili upande unaofuata uwe mbele yako. Ukunje ukanda kwenda juu, mbali nawe, ufuate mstari mmoja na ukingo wa upande huo mpya. Utaona mkunjo wa mshazari umejitokeza pembeni. Kisha ukunje kurudi chini kwako, mkunjo wake wa juu ukilingana kabisa na ukingo uliotoka kuushona. Bana kwa pini na uanze tena kushona kutoka juu kabisa. Ndani ya pembe hiyo umeacha kitambaa cha ziada kilichokunjwa, na ndicho kitakachoijaza pembe utakapolipindua pindo. Anayepita pembe moja kwa moja kwa kuuzungusha ukanda bila kuukunja hupata pembe butu, iliyovutika, inayotaka kupasuka siku ya kwanza ya kufuliwa.

Si kila mila ya mifarishi inaifikia pembe mwishoni. Wasiddi wa wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka nchini India, ni uzao wa watu waliotolewa Afrika, wengine wakipitia Goa zama za Wareno, na mfarishi wao huitwa kawandi. Wanawake wa Kisiddi huanza kushona ukingoni. Hukunja kingo, wakaanza kupanga viraka kutoka pembeni, wakizunguka kwa mishono mikubwa ya mkono hadi wakutane katikati. Kwenye pembe huweka viraka vidogo vya pembetatu vilivyokunjwa, viitwavyo phula, na kwao kawandi isiyo na phula haijavishwa. Hakuna pindo la kuongeza, kwa sababu ukingo ulikwisha kufungwa siku ya kwanza. Njia hiyo haifuati hesabu yangu hata kidogo, ila naitaja kwa moyo mmoja: hao ndugu zetu wa ng'ambo wanaipa pembe heshima inayostahili.

Ukishapita pembe zote nne na kubakiza nafasi ya sentimita 30 kufika ulipoanzia, simama. Sasa una mikia miwili na pengo. Wengi hukunja mwisho mmoja na kuchomeka mwingine ndani yake, wakashona. Inashika, lakini mahali hapo patavimba na kila mkono utapahisi. Fanya hivi badala yake. Laza mikia yote miwili juu ya pengo, bila kuvuta wala kulegeza, ipitane kwa sentimita 6 kamili, na ukate ziada hapo. Kipimo hicho ni upana wa ukanda, kile kile ambacho kiungo cha mshazari hukila. Ndiyo maana baada ya kushona, ukanda utalingana na pengo bila kuzidi wala kupungua. Fungua miisho yote miwili, ikutanishe kama L, uso kwa uso, ubane kwa pini. Kabla ya kushona kunja ukanda uone kama haujajisokota. Kama uko sawa, shona mshazari, punguza ziada, kunja tena, malizia pengo.

Sasa lipindue pindo mbele. Lisukume kwa kidole gumba hadi lijae, mkunjo uupite mshono wa kwanza, na ubane kwa vibanio kila baada ya upana wa kiganja. Pembeni kunja upande mmoja kwanza, kisha wa pili juu yake, uhakikishe unene wa mbele umelalia kinyume na wa nyuma. Pembe itakaa bapa. Anza kushona katikati ya upande, milimita moja ndani ya mkunjo, polepole. Ukifika kwenye pembe, acha sindano chini hasa pale mikunjo miwili inapokutana, inua mguu, geuza, endelea. Mwenye kutaka pembe zifungwe kabisa aingize mishono mitatu minne kwenye mshazari, hata kwa mkono. Hapo sindano ya mkono ina haki yake.

Uzi wa juu uwe wa rangi ya pindo, isipokuwa kama mstari wako umenyooka kiasi cha kutaka uonekane. Kwa mifarishi ya watoto zigizaga pana inayouma mkunjo pande zote mbili ni imara zaidi, na inasamehe mkono usiotulia. Uzi wa nailoni unaong'aa usiutumie kamwe: ni mkali, hukata pamba, na pasi ya moto huuyeyusha.

Mafundi wengine huruka haya yote kwa kukata kitambaa cha nyuma kikubwa zaidi, wakakipindua mbele na kukishona kiwe pindo. Kusini mwa Marekani mifarishi mingi ya zamani ilimaliziwa hivyo, ikiwamo ya Gee's Bend, kijiji cha Alabama ambacho kazi za wanawake wake, zilizoshonwa kwa nguo za kazi zilizochakaa, ziliwekwa ukutani katika makumbusho ya sanaa ya Houston mwaka 2002. Mwenye kitambaa kidogo alifanya busara. Ubaya wake hujitokeza baada ya miaka: ukingo ukilika, kilicholika ni mgongo wa mfarishi wenyewe, na hakuna cha kuondoa. Pindo la kuvishwa hufumuliwa likatupwa, mfarishi ukavishwa jipya.

Basi fundi, unapopanga bei ya mfarishi, pindo lihesabie kitambaa chake na muda wake, usilitoe bure kama nyongeza. Nawe mwenye mfarishi uliochanika pembeni, usiukate matambara ya kudekia. Ukiwa wa sentimita 150 kwa 200, mpelekee fundi na sentimita 60 za kitenge kilichofuliwa.